VPN Yako Ni ya Nani?

Nina saiba Ukunda, si mbali na pale barabara ya Lunga Lunga inapoachana na ile inayoteremka ufuoni Diani. Neno VPN hulisikia likitamkwa na watu wasiofanana kwa lolote. Mama wa Mwabungo ana binti kazini Dubai na simu ya WhatsApp haiingii. Kijana wa chuo anataka neti ya bure. Mgeni aliyepanga nyumba Galu anataka kutazama mechi za kwao. Dereva wa lori analalamika kwamba akishavuka Horohoro na kuweka laini ya Tanzania, X inagoma. Kila mmoja hunisukumia simu mezani na kusema, "Niwekee ile nzuri."

Kwenye duka la programu, nzuri ni zote. Kila moja ina ngao au kufuli, nyota nne na nusu, na ahadi ya kasi, usiri na bure. Mimi huanza kwa kuuliza shida hasa ni ipi, maana wengi wao hawaihitaji VPN, na binti wa yule mama akiiwasha huko aliko anaweza kujitia matatani na sheria.

Kwanza inavyofanya kazi. Simu yako isipokuwa na VPN, kila unachofungua hupitia kwa kampuni ya laini. Tangu tovuti nyingi zihamie HTTPS, kampuni hiyo haioni ulichoandika ndani. Huona jina la tovuti uliyokwenda, saa uliyokwenda na muda uliokaa. VPN huchukua mawasiliano hayo yote, ikayasimba, ikayapeleka kwenye seva yake, na kule ndiko yanakofunguliwa na kutawanyika kila moja njia yake. Kampuni ya laini sasa huona jambo moja tu, kwamba unazungumza na seva fulani na umekula megabaiti kadhaa. Mwenye seva ndiye anayeona yale yote yaliyokuwa yakionwa na kampuni ya laini. Ni kama kumnyima mtu wa posta bahasha zako ukampa bodaboda: ndani hasomi, lakini anwani zote anazijua.

Ndiyo maana mimi namtazama mwenye seva kabla sijatazama kasi. Kampuni ya laini ina ofisi, ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na ikichezea taarifa zangu ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wa kumpelekea malalamiko. Mwenye VPN yuko nchi gani? Nani humlipa? Ukiiwasha VPN mara ya kwanza, hata Android yenyewe hukuonya kwamba programu hii itaweza kufuatilia mawasiliano yako, kisha inakungoja ubonyeze Sawa. Sijawahi kumwona mteja akisoma onyo hilo.

Mfano ninaoupenda ni Onavo. Ilikuwa VPN ya bure, ikijinadi kuwa inalinda watu. Facebook iliinunua mwaka 2013, na kupitia kwayo ikawa inaona watu wanatumia programu zipi za washindani wake na kwa muda gani, WhatsApp ikiwemo, kabla haijaamua kuinunua WhatsApp yenyewe mwaka 2014. Apple iliilazimisha itoke dukani kwake Agosti 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa kabisa. Julai 2023 mahakama ya Australia iliwatoza wahusika faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Waliokuwa wakiitumia waliamini wanajificha, kumbe ndio waliokuwa wakipimwa.

Onavo angalau ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Agosti 2025, watafiti wakishirikiana na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wao kuhusu VPN za Android zinazodai kuwa za kampuni mbalimbali. Walipozifungua ndani waligundua kwamba nyingi ni za ukoo mmoja: programu zenye majina tofauti, zikitumia seva zilezile, na baadhi zikiwa na neno la siri moja limeandikwa ndani ya programu, hivyo anayelijua anaweza kusoma mawasiliano ya watumiaji wote. Jumla zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 700. Turbo VPN na Snap VPN zimo, na hizo nazikuta kwenye simu za hapa kila wiki.

Kuna na jambo jingine ambalo vijana wetu hawaliwazi. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5. Mwenyewe alikuwa akigawa VPN za bure, kama MaskVPN na DewVPN. Aliyeweka mojawapo kwenye kompyuta yake alikuwa amefungua mlango bila kujua: anwani yake ya IP ilikodishwa kwa wahalifu, ambao walitapeli na kuiba huku alama zao zikionyesha nyumba ya mtu mwingine. Anwani zaidi ya milioni 19 zilihusika, katika nchi karibu 200. Hapa Ukunda wapo vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, kunakili sauti kwa maandishi na kujaza utafiti, wanaonunua anwani za Marekani ili waonekane wako huko. Huwa nawauliza, anwani hiyo unayouziwa ni nyumba ya nani, na mwenyewe anajua? Isitoshe, majukwaa yale yanatambua anwani za vituo vya seva kwa haraka, na akaunti ikifungwa pesa zilizomo zinakwenda nayo.

Sasa neti ya bure. Katika vikundi vya Telegram na WhatsApp huzunguka faili za kuingiza kwenye programu kama HA Tunnel au HTTP Injector. Ndani ya faili mna anwani ya seva ya mtu, na ujanja wa kuifanya kampuni ya laini idhani unatembelea tovuti ambayo yenyewe haiitozi. Faili hiyo aghalabu imefungwa. Huwezi kuona seva ni ipi wala iko wapi. Yaani kijana anayepiga kelele kwamba serikali inamchungulia anapitisha maisha yake yote kwenye kompyuta ya mtu anayemjua kwa jina la utani na picha ya katuni. Tuache hata hoja kwamba ni kukwepa kulipa. Anayekodi seva kwa pesa yake akawapa maelfu ya watu bure, faida yake inatoka mahali. Mimi faili hizo siweki, na wateja wengine huondoka wamenuna.

Basi mtu mwaminifu anajulikanaje? Kila kampuni ya VPN imeandika kwamba haihifadhi kumbukumbu za watumiaji. Maandishi hayana gharama. Mimi hutafuta siku ambayo polisi walibisha hodi, nikaona walitoka na nini.

Tarehe 18 Aprili 2023 polisi wa Sweden walikwenda kwenye ofisi ya Mullvad mjini Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakitaka kompyuta zenye taarifa za wateja. Wakaonyeshwa jinsi mfumo unavyofanya kazi, wakaondoka mikono mitupu. Mullvad hata barua pepe haikuulizi: unapewa namba ya akaunti, unalipa yuro 5 kwa mwezi, bei ileile miaka nenda rudi, na ukitaka unaweza kutuma noti ndani ya bahasha. Uturuki nao waliikamata seva ya ExpressVPN mwaka 2017 walipokuwa wakichunguza mauaji ya balozi wa Urusi, Andrei Karlov, na hawakukuta kitu. Upande wa pili iko PureVPN, iliyokuwa ikijitangaza kuwa haitunzi kumbukumbu. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba FBI walipata kwake taarifa za kutosha kumuunganisha mtu na vitisho alivyokuwa akimtumia mwanamke. Mtu huyo alistahili kukamatwa, hilo silibishi. Ninachosema ni kwamba maandishi yalikuwa hivi na kabati lilikuwa vile.

Hata jina likishajijengea sifa, angalia limeuzwa kwa nani. ExpressVPN ilinunuliwa mwaka 2021 na Kape Technologies kwa dola milioni 936. Kape hiyo hapo awali iliitwa Crossrider, na ilijulikana kwa zana zilizotumiwa kupachika matangazo kwenye vivinjari vya watu. Leo inamiliki pia CyberGhost na Private Internet Access. Huenda zote zinaendeshwa vizuri. Lakini anayezilinganisha akidhani ni washindani watatu analinganisha mifuko ya mtu mmoja.

Kwa asiye na pesa, ya bure ninayoweka bila wasiwasi mwingi ni Proton VPN ya Uswisi. Haina kikomo cha data, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na gharama ya wasiolipa inabebwa na wanaolipa, kwa hiyo lile swali la nani analipa lina jibu. Ubaya wake ni kwamba kwenye mpango wa bure huchagui nchi, na ni kifaa kimoja tu. Anayetaka kulipa na hana kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Kwa Mullvad atakatwa kama shilingi 750 kwa mwezi. Nawakataza kulipia miaka mitatu kwa mkupuo, hata punguzo liwe la kutisha. Kampuni ikiuzwa mwezi ujao, pesa yako iko ndani na wewe uko nje.

Kasi sasa, maana ndiyo inayoleta ugomvi. Intaneti ya pwani hii inatua Mombasa kwa nyaya za chini ya bahari: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine zilizofuata. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na waya haunyooki. Unapita Bahari ya Shamu. Kwenda na kurudi, basi, ni milisekunde 70 hata kama hakuna mtambo wowote njiani, na kwa hali halisi ni mara mbili ya hapo. Ukiwa Msambweni ukachagua seva ya London ili ufungue tovuti iliyoko Nairobi, ombi lako linakwenda London, linarudi Nairobi, na jibu linapita njia hiyohiyo kinyume. Halafu unasema neti ya Kwale ni mbovu!

Kwa hiyo, anayetaka usiri tu na hana haja ya kuonekana yuko nchi nyingine, achague seva ya karibu kabisa: Kenya ikiwepo, la sivyo Afrika Kusini. Hapo pia kuna kiini macho. Kampuni nyingi zimeweka bendera ya Kenya kwenye orodha ilhali mtambo wenyewe uko Ulaya. Ni anwani tu iliyosajiliwa kwa jina la Kenya. Wale wakweli huandika wazi kwamba mahali hapo ni pa kuigiza. Wasipoandika, pima mwenyewe: programu yoyote ya kupima kasi huonyesha ucheleweshaji kwa milisekunde. Seva iliyoko Nairobi kweli itakujibu kwa makumi machache. Ikikujibu kwa 150, hiyo si Nairobi.

Jambo la pili ni lugha ambayo VPN inatumia kusimba. Ukikuta kwenye mipangilio neno WireGuard, lichague. Iliandikwa na Jason Donenfeld kwa mistari kama 4,000 tu ya msimbo, kiasi ambacho mtaalamu mmoja anaweza kukikagua, na ikaingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2020. OpenVPN, ya tangu 2001, ni ya kuaminika lakini ni nzito zaidi kwa simu. WireGuard pia haikatiki ovyo simu ikitoka kwenye waifai ya hoteli na kuingia kwenye data, jambo ambalo wanaofanya kazi Diani hukutana nalo kila jioni wakitoka zamu.

VPN inaweza kuongeza kasi? Mara chache, pale kampuni inapobana aina fulani ya mawasiliano, video kwa mfano, na VPN ikaificha isitambulike. Bomba lenyewe likipungua, hakuna dawa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Watu walikuja kuniomba VPN ya kurudisha kasi. Hali ilikuwa hivyo tena Juni 25 mwaka huohuo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Kufungiwa tovuti moja ni jambo tofauti: Telegram ilipozimwa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE, Novemba 2023 na 2024, waliokuwa na VPN waliendelea kuitumia. Uganda walijifunza tofauti hiyo kwa machungu. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 za Uganda kwa siku, iliyoanza Julai 2018, waliikwepa kwa VPN. Intaneti nzima ilipozimwa mkesha wa uchaguzi wa Januari 2021, hazikuwa na pa kupita.

Na bando. Hili ndilo linalowaumiza wengi bila kujua. Ukinunua bando la WhatsApp au la TikTok, kampuni hutambua mawasiliano hayo ndipo iyakate kwenye bando hilo. VPN ikiwa imewashwa haitambui kitu. Inakata data ya kawaida, na data ikiisha inageukia salio. Juu ya hayo, kusimba kunaongeza mzigo: WireGuard huongeza baiti 60 hivi kwenye kila pakiti ya baiti 1,500, yaani asilimia 4, na OpenVPN zaidi kidogo. Anayeishi kwa bando la shilingi ishirini anaihisi.

Yule dereva wa lori nilimwambia ukweli wa pande zote mbili. X ilifungwa Tanzania Mei 2025. Nchi hiyo ina kanuni zinazogusa VPN, na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, ilitangaza kwamba wanaozitumia wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kenya hatuna sheria inayokataza VPN, lakini sheria ya Kenya inaishia Lunga Lunga. Njia rahisi kwake ni kubaki na laini yake ya Kenya: data ya ng'ambo kwa kawaida hurudi kwanza kwenye mitambo ya nyumbani, kwa hiyo X hufunguka bila VPN yoyote. Ni ghali, ndiyo. Hakufurahi.

Mama wa Mwabungo alipata jibu fupi zaidi. Katika Falme za Kiarabu, anayeficha anwani yake ya IP ili atende kosa au asigundulike hutozwa faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2, na mimi si wakili wa kumhakikishia kwamba simu ya WhatsApp iliyopenyezwa hivyo haitahesabiwa miongoni mwa makosa. Nikamwambia, "Mama, mwambie mwanao aweke Botim, imeruhusiwa kule, nawe nikuwekee papa hapa." Hakuna VPN iliyohitajika.

Mgeni wa Galu nilimwacha ajaribu mwenyewe. Kampuni za filamu na mechi huzifukuza anwani za VPN kila siku, na leo ikifunguka kesho haifunguki.

Ninayemsisitizia VPN hasa ni mtu anayefanya kazi kwa waifai za watu, hotelini, mkahawani au uwanja wa ndege: mwandishi, mwanaharakati, muuguzi anayetuma taarifa za wagonjwa. Huyo naye aelewe mipaka. Google anakujua kwa sababu umeingia kwa jina lako. Facebook vilevile. GPS ya simu haidanganyiki kwa VPN, na M-Pesa ya menyu ya laini haipiti humo kabisa. Waifai ya hoteli yenye ukurasa wa kuingilia itakulazimu uingie kwanza, ndipo uiwashe.

Nikishaweka, naingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao, kisha VPN, na kuwasha vitu viwili: iwe hewani wakati wote, na mawasiliano yazuiwe ikikatika. Halafu nakagua ruhusa. VPN haina kazi na majina ya watu wako wala ujumbe wako mfupi, ikiviomba, inatoka. Mwisho nafungua tovuti ya kuonyesha anwani ya IP, mteja aone kwa macho yake kwamba imebadilika. Kwenye orodha hiyohiyo ya VPN huwa nakuta nyingine za zamani zimelala, moja ya rafiki, moja ya faili, moja iliyokuja na mchezo wa watoto. Kuweka natoza shilingi 100. Kufuta hizo nyingine ni bure.